Haya, Hatia na Deni: Kuipima Hoja ya Wataalamu kwa Desturi za Uchagani

I.

Katika mazungumzo ya walimu na wachungaji hukutwa mara kwa mara neno hili, ya kuwa mataifa ya ulimwengu ni ya namna mbili. Kuna mataifa yanayoongozwa na aibu, na kuna mataifa yanayoongozwa na hatia. Mtu wa namna ya kwanza, wasema, huacha uovu kwa kuogopa macho ya watu. Akiwa na hakika kwamba haonekani, hana kizuizi. Mtu wa namna ya pili ana mwamuzi ndani yake, naye husumbuka hata akiwa peke yake gizani. Kisha hutolewa hukumu kwa upesi: sisi watu wa mlimani na wa bara tu wa namna ya kwanza, na kazi ya mwalimu ni kututoa huko na kutupeleka kwenye ya pili.

Tumelisikia neno hili miaka mingi, nasi tumewahi kulifundisha wenyewe. Sasa twaona yapasa lipimwe, kwa sababu halikukaa vitabuni tu. Limeingia katika adhabu za shule, na katika namna tunavyowatenga watu na kuwarudisha kundini.

Asili yake yajulikana. Aliyelieneza ni Bibi Ruth Benedict, mtaalamu wa desturi za watu, Mmarekani, katika kitabu chake juu ya Wajapani kiitwacho The Chrysanthemum and the Sword, kilichotoka mwaka 1946. Kazi hiyo ilianza wakati wa vita, serikali ya Marekani ilipotaka kumjua adui yake. Naye mwandishi hakupata kufika Japani, bali alisoma vitabu, akatazama picha za sinema, akawahoji Wajapani waliokaa Marekani. Hatusemi hivyo kwa kumdharau, maana kitabu chake kina akili nyingi na huruma pia. Lakini msomaji akumbuke kwamba kipimo hiki kilikatwa mbali na watu waliopimwa nacho, kisha wengine wakakichukua kupimia watu ambao yeye hakuwataja.

Hoja yake ina nguzo mbili. Ya kwanza ni kwamba aibu yahitaji watazamaji, au walau mtu ajidhanie kuwa anatazamwa, hatia haihitaji. Ya pili ni kwamba mwenye hatia hupata nafuu akiungama, bali mwenye aibu hapati nafuu yo yote, kwa kuwa kuungama kwake ni kuongeza watazamaji. Tuzichunguze nguzo hizi kwanza katika maneno ya Kiswahili, kisha katika matendo ya watu wa Kilimanjaro.

II.

Kiswahili hakina neno moja la jambo hili. Kina haya, aibu, soni, fedheha na izara. Tena kina kosa, hatia na dhambi. Mengi ya hayo yalitoka Kiarabu, lakini yamekaa vinywani mwetu muda mrefu hata yamepata tabia zetu.

Tutazame haya na aibu. Mtu mwenye haya husifiwa. Mtu asiye na haya hutukanwa kwa neno hilo hilo. Bali mtu mwenye aibu ni mtu aliye na ila, na kila mmoja angependa kuificha. Haya hutangulia tendo, aibu hulifuata. Haya ni mlinzi akaaye mlangoni kabla mwizi hajaja; aibu ni kelele za majirani baada ya mwizi kushikwa. Mtaalamu anayeyaita mambo haya mawili kwa jina moja amekwisha kukosea kabla hajaanza kuhesabu.

Tena tuangalie vitenzi. Twasema kuona haya, kuona aibu, kuona soni, kama tusemavyo kuona njaa, kuona kiu, kuona baridi. Hayo ni mambo ambayo mtu huyajua ndani ya mwili wake mwenyewe, wala hangojei kuambiwa na mwingine. Lakini katika hatia twasema mtu ametiwa hatiani, amepatikana na hatia, ameondolewa hatia. Hayo ni maneno ya barazani, mbele ya mwamuzi na mashahidi. Mzee wa zamani hasemi, “Naona hatia.” Usemi wa “kujihisi hatia” ni mgeni, umetoka vitabuni.

Basi hapa pana jambo la kustaajabisha. Wataalamu waliweka aibu nje na hatia ndani; lugha yetu imeweka haya ndani na hatia nje. Je, Waswahili hawana neno la yule mwamuzi wa ndani? Wanalo. Husema, moyo wamsuta, nafsi yamsuta. Na kusuta ni nini? Ni desturi ijulikanayo sana pwani: mtu aliyesengenya hukabiliwa mbele ya watu, akakumbushwa maneno yake uso kwa uso, asiweze kuyakana. Ni tendo la hadharani kuliko yote. Lakini ndilo lililochaguliwa kulitaja jambo la siri kuliko yote. Maana yake ni kwamba moyo humfanyia mtu yale ambayo majirani wangemfanyia. Mahakama ya ndani imejengwa kwa miti iliyokatwa nje.

Neno dhamiri, ambalo wafasiri wa Maandiko walilitwaa ili kumtaja shahidi wa ndani, latoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya kilichofichwa moyoni. Ndugu yake, dhamira, katika usemi wa kila siku ni kusudi au nia. Mwalimu asidhani basi kwamba akilisoma neno hilo mbele ya wakulima amekwisha kueleweka. Mara nyingi wamesikia habari ya kusudio la mtu, si habari ya majuto yake. Aseme “moyo wanisuta,” nao wataelewa papo hapo.

Lakini Kiswahili si Kichaga, wala hatutaki kujenga nyumba nzima juu ya maneno. Twende kwenye matendo.

III.

Kila mtu aliyekaa Machame, Kibosho, Marangu au Rombo aujua mmea uitwao isale. Hupandwa mipakani mwa vihamba, tena hupandwa mahali walipolazwa wazee. Jani lake ndilo pia la kuombea msamaha. Aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la isale, mara nyingi kwa mkono wa mzee au jamaa mwenye heshima; na anayeliona mbele yake hawezi kulipuuza kama apuuzavyo maneno matupu. Akilikataa, lawama yageuka upande wake. Baada ya jani huja maongezi, na baada ya maongezi huja malipo na mbege ya kunywa pamoja.

Je, hii ni aibu au hatia? Kuna macho ya watu hapa, maana mjumbe yupo na jamaa wapo. Lakini kazi ya macho hayo si kumfedhehesha mkosaji. Mzee aliyelichukua jani amemsitiri kwa mwili wake mwenyewe. Mkosaji hakusimama peke yake. Nguzo ya pili ya Bibi Benedict yaanguka hapa. Katika nchi ambayo ingehesabiwa kuwa nchi ya aibu, mtu huungama naye hupata nafuu, mradi kuungama kumepewa njia yake na mtu wa kumshika mkono.

Tutoe na mfano mgumu zaidi, yaani chungu. Mtu aliyeibiwa asimjue mwizi aliweza kwenda kwa wenye chungu cha laana. Lakini hakikutumiwa kwa siri wala kwa ghafula. Kwanza habari ilitangazwa, ili aliyetwaa mali apate nafasi ya kujitokeza na kuirudisha. Asipojitokeza ndipo laana ilipotamkwa, nayo iliogopwa kwa kuwa haikuishia kwa mwizi. Iliweza kuufuata ukoo wake. Hapa hakuna aliyemwona mwizi, wala watazamaji hawamjui. Angeweza kukaa kimya akala pamoja na aliyemwibia. Lakini alilala macho. Nguzo ya kwanza nayo yatikisika.

Msomaji mwenye busara atajibu: “Hiyo si dhamiri, hiyo ni hofu. Mtu huogopa kufa, hachukii uovu wake.” Jibu hili lina nguvu, wala hatutaki kulikwepa. Ni kweli kwamba hofu ya chungu si toba. Lakini tukisema hivyo juu ya chungu, yatupasa kusema hivyo pia juu ya kila mtu aliyeacha wizi kwa kuogopa moto wa milele; na watu hao hawakosekani miongoni mwa wale waitwao watu wa hatia. Hofu yaweza kuwa mlango wa majuto katika kila taifa, tena yaweza kuwa mwisho wake.

Lipo jambo la tatu ambalo mgawanyo ule hauna mahali pa kuliweka, nalo ni deni. Katika mfongo, yaani mfereji wa maji uletao uhai katika vihamba, kila mwenye haki ana zamu yake. Aliyekosa kwenda kazini siku ya kuzibua mfereji alidaiwa faini, na aliyeiba maji usiku katika zamu ya mwingine aliwadai wenzake subira yao yote. Swali la wazee halikuwa, “Wajisikiaje?” wala halikuwa, “Watu wasemaje?” Lilikuwa, “Nani amepungukiwa, na atalipwa nini?” Uovu ulikuwa pengo katika mali, katika amani, na katika undugu, na pengo huzibwa. Katika Kijerumani neno Schuld ni hatia na ni deni pia. Nasi katika Sala ya Bwana, wengine twaomba kusamehewa makosa, lakini Injili ya Mathayo katika Kiswahili yataja deni. Wafasiri wale hawakukosea.

IV.

Hapa yatupasa kuungama jambo letu wenyewe, kwa maana pasipo hilo tusingeliandika makala haya.

Miaka mingi iliyopita, katika shule moja iliyo mlimani, fedha za mwanafunzi mmoja zilipotea kitandani mwake. Hakuna aliyemshuku mtu. Usiku wa tatu kijana mmoja alikuja mlangoni kwetu, mvua ikinyesha, akasimama asiseme neno kwa muda mrefu. Kisha akatoa fedha zile zikiwa zimefungwa katika kitambaa, zote ila shilingi mbili alizokwisha kutumia. Tulipomwuliza kwa nini amekuja, wala hakuna aliyemjua, alisema, “Mwalimu, silali.”

Angalieni wasomaji. Mambo yote yaliyotakiwa na kitabu yalikuwapo: hakuna mtazamaji, hakuna shahidi, mtu peke yake na moyo wake, na kuungama kwa hiari. Lakini sisi tulikuwa tumefundishwa kwamba wanafunzi wetu ni watu wa aibu, na ya kwamba toba isiyo ya hadharani haina mizizi kwao. Asubuhi tukamsimamisha mbele ya shule nzima, tukamwamuru aseme aliyoyatenda. Aliyasema. Wengine walicheka. Jioni kitanda chake kilikuwa kitupu.

Juma lililofuata alikuja bibi yake, mzee sana, amesaidiwa na fimbo, akipanda kutoka bonde la pili. Alileta shilingi mbili na jani la isale. Hakutulaumu kwa neno lo lote. Alilishika jani kwa mikono miwili, akangoja. Twakiri kwamba hatukujua la kufanya. Tulikuwa tumesoma habari za isale, lakini hakuna aliyepata kutuletea. Mwishowe tukalipokea, naye akaketi, akaomba maji ya kunywa.

Kijana hakurudi shuleni kwetu. Tulichoelewa baadaye ni hiki: yeye alikuja na hatia, nasi tukampa aibu, bibi yake akaja kulipa deni. Kati ya watu watatu, aliyekuwa hajui desturi ya kuponya alikuwa mwalimu.

V.

Sasa turudi kwa wataalamu, tutoe hukumu yetu kwa haki.

Kosa la Bibi Benedict si kuona tofauti kati ya aibu na hatia. Tofauti ipo, na kisa tulichokitoa chaithibitisha. Kosa ni kuigawa tofauti hiyo baina ya mataifa, hali imo ndani ya kila mtu. Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams, katika kitabu Shame and Necessity cha mwaka 1993, aliwatazama Wayunani wa kale walioitwa watu wa aibu, akaonyesha kwamba anayemtazama mtu katika aibu yaweza kuwa mtu aliyemo moyoni, tena si mtu ye yote, bali yule ambaye mwenye kuaibika anamheshimu. Twaona kwamba neno letu kusuta lilikuwa limekwisha kulisema jambo hilo. Naye Krister Stendahl, mwanateolojia wa Kilutheri wa Sweden, aliwaonya wasomaji mwaka 1963 wasimvike Mtume Paulo dhamiri yenye mateso ambayo ni ya watu wa Magharibi wa nyakati za baadaye. Basi hata kule iliko shule ya hatia, mlinganisho huu umeanza kutiliwa shaka.

Kwa upande mwingine yuko Bruno Gutmann wa misheni ya Leipzig, aliyefika Uchagani mwaka 1902, akaondoka mwaka 1938, ingawa katikati aliondolewa kwa sababu ya vita. Kitabu chake juu ya sheria za Wachaga, Das Recht der Dschagga, kilitoka mwaka 1926. Huyu hakuandika kwa mbali. Alifundisha kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo mtu huumbwa ndani yake, na kwamba usharika ujengwe juu yake, usivivunje. Tunamshukuru kwa hayo. Laiti tungemsoma vizuri kabla ya asubuhi ile. Lakini naye ana upungufu wake. Aliupenda ukoo mno hata mara nyingine yule mtu mmoja hupotea machoni pake. Kijana aliyekuja mlangoni usiku hakutumwa na ukoo wala na rika. Alitumwa na moyo wake. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, lakini kuna aibu ambayo hata mwosha haijui.

Anayesoma Kiswahili atafaidika zaidi na kitabu cha Petro Itosi Marealle, Maisha ya Mchagga hapa Duniani na Ahera, cha mwaka 1947. Sifa yake ni kwamba desturi zaelezwa na mtu aliyekulia ndani yake. Kina hasara ya kila kitabu cha desturi: chaonyesha yapasayo kutendwa, si yale yanayompata mtu asiyeweza kuyatenda. Mtu asiye na ndugu wa kulichukua jani atafanyaje? Hilo ndilo swali la siku zetu, maana vijana wengi wa mlimani waishi mijini, na mzee wa kuwasitiri yuko mbali.

Mambo haya yatupa wajibu. Tutazame namna tunavyomtenga mtu na ushirika. Msichana akipata mimba nje ya ndoa, mwili wake wamtangaza. Husimamishwa mbele, hutengwa, na zamani aliondolewa shuleni. Mvulana mwenziwe mwili wake haumtangazi, naye hukaa katika kwaya akiimba. Kama tungekuwa tukipima hatia, wawili hao wangekuwa sawa. Twapima kionekanacho, yaani aibu, kisha twaiita hatia. Mwaka 1963 umangi ulifutwa, na mabaraza ya wamangi yakakoma. Mwaka 2021 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba wasichana waliojifungua waweza kurudi katika shule za serikali. Baraza la mangi limebadilika, na shule imebadilika. Baraza la wazee wa kanisa lisiwe la mwisho kujiuliza.

Lakini tusije tukasema kwamba aibu yote ni mbaya, na kwamba kila jambo limalizwe chumbani. Aliyeiba maji ya mfongo amewakosea wote, na wote wana haki ya kuujua ukweli na kulipwa. Kuna kosa la siri ambalo likitangazwa laua, na kuna kosa la watu wote ambalo likifichwa laoza. Twawaomba walimu wenzetu, kabla ya kutoa adhabu, wajiulize maswali matatu. Mtu huyu, moyo wake umekwisha kumsuta? Ikiwa ndiyo, tusimsute mara ya pili. Je, kuna aliyepungukiwa? Ikiwa yupo, alipwe kwanza, maana majuto yasiyolipa ni maneno. Na je, yuko mtu wa kusimama pamoja naye? Ikiwa hayupo, basi mwalimu na awe ndiye mzee wa kulichukua jani.

Petro alipomkana Bwana wake, waliomsikia walikuwa wengi uani, nao hawakumfanya alie. Bwana aligeuka akamtazama. Ndipo alipotoka nje, akalia. Mwenye kukata shauri aseme kama hiyo ilikuwa aibu au hatia. Yalikuwa macho, tena macho ya nje. Lakini yalikuwa macho ya mmoja aliyempenda.

Sisi tungali na jani lile. Limekauka siku nyingi, nasi tumeliweka ndani ya daftari la majina ya wanafunzi, katika ukurasa wenye jina la kijana yule.